Bosi katenga laki 3 kwa mwezi kuwapa motisha watu 11 wa bekari. Zigawanywe vipi?

#1 Msimamizi wa Zamu

Habari za jioni wadau.

Nasimamia bekari ndogo hapa Morogoro. Tuko na watu 11: waokaji 4 wanaoingia saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi, wafungashaji 3, wasambazaji 2 wa guta, keshia na mlinzi. Unga umepanda, umeme ndio usiseme, na bosi ameshatamka kwamba mwaka huu mshahara haupandi. Ila amenikabidhi laki 3 kila mwezi, nje ya mishahara, nitafute namna ya kuwachangamsha watu.

Matatizo yetu ni mawili. La kwanza, waokaji wakishakomaa wanaondoka. Wiki iliyopita kaondoka mmoja ambaye hakuwa na haja ya kuangalia saa. Anautoa mkate, anaugeuza, anagonga kwa chini na kidole, anakwambia "bado dakika tatu", na kweli ni dakika tatu. Bekari nyingine imemwongeza elfu 40 tu kaenda. La pili, wasambazaji wanachelewa kutoka, mkate unafika dukani mwenye duka keshapokea wa wengine.

Wazo la bosi ni mfanyakazi bora wa mwezi: wa kwanza laki na nusu, wa pili laki, wa tatu elfu 50. Na anayechelewa akatwe 2,000, iingie kwenye mfuko huohuo. Mimi moyo wangu unasita. Nyinyi mngezitumiaje hizi hela?

#2 Ngosha wa Igoma

Gawa sawa kwa wote mkuu. Laki 3 kwa watu 11 ni kama 27,000 kila mmoja. Hakuna majungu, hakuna kununiana. Kila mtu anabeba unga na mafuta ya kula anaenda kwake. Mambo mengine mnajitafutia kesi.

#3 Mzee wa Hesabu

Ngosha, hilo litadumu miezi miwili. Mwezi wa kwanza watashukuru. Wa tatu watakuwa wameshaipangia kazi kabla haijatoka. Ikitokea mwezi wa saba bosi kabanwa asitoe, wataona wamekatwa mshahara. Hela inayotoka kila mwezi bila sababu inayojulikana inageuka mshahara, hata ukiiita jina gani.

Halafu msisahau kodi. Bonasi ya fedha inajumlishwa na mshahara kabla ya kukokotoa PAYE. Ambaye jumla yake haizidi 270,000 kwa mwezi hakatwi, lakini akivuka hapo anaanza kukatwa 8% ya kile kilichozidi. Mwokaji wako akishinda laki na nusu, sio laki na nusu nzima itakayomfikia. Na kwa kuwa mko 11, bosi wako tayari yupo kwenye SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, maana inaanzia kwa mwajiri wa watu 10. Bonasi nazo zinaingia kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo laki 3 yako, ukiitoa taslimu, inamgharimu bosi zaidi ya laki 3.

#4 Bint Mwera

Naomba nizungumzie hilo la mfanyakazi bora maana nimelipitia. Nilifanya kazi hoteli moja (siitaji), picha inabandikwa mapokezi kila mwezi. Miezi ya mwanzo tulijituma kweli. Baadaye ikaonekana anayeshinda ni wa mapokezi au mhudumu wa meza, kwa sababu hao ndio mgeni anawajua majina. Mama aliyekuwa anafua mashuka, mashuka meupe hayana doa hata moja, hajawahi kubandikwa. Mwisho wasichana wa jikoni wakawa wanamwita mshindi "mtoto wa meneja", na ukishinda unakula peke yako.

Watu 11, mshindi mmoja, maana yake kila mwezi umewaambia watu 10 kwamba hawakutosha.

#5 Konda Mstaafu

Bint Mwera hapo sikubaliani sana. Mei Mosi kila mwaka tunaona wafanyakazi hodari wanaitwa mbele, cheti na bahasha, na mtu cheti hicho anakitundika sebuleni mpaka anastaafu. Heshima ina thamani yake.

Ila kwa kazi ya mikate mimi ningeleta mfumo wa hesabu. Nimekaa kwenye daladala miaka mingi. Tajiri anataja hesabu yake ya siku, mkishaitimiza na mafuta mkaweka, kinachobaki ni cha dereva na konda. Hakuna tajiri anayempigia dereva simu saa 10 alfajiri amwamshe. Anaamka mwenyewe! Bodaboda hali kadhalika: kijana akiwa kwenye mkataba, anajua akimaliza marejesho pikipiki ni yake, utamwona anaiosha kila jioni. Yule wa kupeleka hesabu tu bila mkataba, oili hajui imebadilishwa lini.

Waokaji wape idadi ya mikate kwa usiku. Ikizidi, wana chao.

#6 Mama Lishe Msamvu

Konda, na ajali zinazotokana na kukimbizana na hesabu utazitaja lini? Daladala inawahi abiria, inakatisha ruti, inasimama katikati ya barabara, yote kwa ajili ya hesabu. Leta huo mfumo bekari, utapewa mikate mingi ambayo ndani ni unga mbichi. Mkate hauharakishwi. Ukiukimbiza kuumuka unatoka mgumu, ukiuwahi kuutoa unashika kisu.

Kama lazima mpime kitu, pimeni mikate iliyoungua na iliyorudishwa na maduka. Hizo ni hela za bosi zinazotupwa kila siku. Ikipungua, nusu ya kilichookolewa ni ya watu wote wa zamu, kuanzia anayekanda mpaka anayesambaza, kwa sababu mkate unaweza kurudi kwa kosa la yeyote kati yao.

#7 Wakili wa Kijiweni

Nimesoma mpaka hapa na kuna jambo halijaulizwa. Waokaji wanaingia saa 4 usiku. Je, wanalipwa nyongeza ya usiku?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezwa angalau 5% ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Ovataimu ni mara moja na nusu. Kazi ya sikukuu ni mara mbili. Likizo ni siku 28 mfululizo kwa mwaka. Hizo hazitoki kwenye mfuko wa motisha. Usichukue haki ya mtu ukaifunga riboni ukamwambia ni zawadi.

Kuhusu faini ya 2,000: mwajiri hakati mshahara kwa kujisikia. Anakata pale sheria inaporuhusu au mfanyakazi alipokubali kwa maandishi. Hata kwenye hasara iliyosababishwa na mfanyakazi kuna utaratibu wa kufuata, na makato hayo hayazidi robo ya mshahara. Bosi wako akianza kukata 2,000 mlangoni anajitengenezea safari za CMA, kule kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi.

#8 Msimamizi wa Zamu

Asanteni sana. Wakili, nimepitia karatasi za malipo. Ovataimu ipo, likizo wanapata. Hiyo 5% ya usiku sijaiona. Ni kiasi gani kwa mtu? Nataka nikimwendea bosi niwe na namba.

#9 Mzee wa Hesabu

Nakufanyia kwa mshahara wa mfano wa 300,000. Mwezi kwa saa 45 za wiki ni saa 195. Kwa hiyo saa moja ni kama 1,538, na 5% yake ni 77. Saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa 8, toa saa moja ya mapumziko, zinabaki 7. Kwa siku 26 ni saa 182. Zidisha kwa 77: kama 14,000 kwa mwezi. Kwa waokaji 4 ni 56,000.

Mwambie bosi, mwokaji aliyeondoka kwa elfu 40, hiyo 14,000 ilikuwa yake tayari. Pengo la kweli lilikuwa 26,000.

#10 Shangazi Tumaini

Na mlinzi? Mmehesabu waokaji wanne mmemwacha mtu anayekesha mlangoni.

#11 Mzee wa Hesabu

Kweli Shangazi, mlinzi naye yumo kama ameajiriwa na bekari yenyewe. Kama ni wa kampuni ya ulinzi, mwajiri wake ni hao.

#12 Msimamizi wa Zamu

Ni wetu. Nimeongeza.

#13 Mwalimu Chaki

Wakili kaikataa faini kisheria, mimi naikataa kwa sababu haifanyi kazi. Kuna utafiti wa Gneezy na Rustichini uliochapishwa mwaka 2000, walioufanya kwenye vituo vya kulelea watoto mjini Haifa. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwafuata watoto. Baadhi ya vituo vikaweka faini. Wachelewaji wakaongezeka, karibu mara mbili. Mzazi alikuwa anamwonea aibu mwalimu anayemsubiri. Ilipowekwa bei, aibu ikaisha: nimelipia, nachelewa. Faini ilipoondolewa wachelewaji hawakupungua.

Msambazaji wako leo anachelewa huku anakwepa macho yako. Weka 2,000, kesho atakupa noti akiwa anakuangalia usoni.

Na hizo bonasi kwa idadi nazo zina mtego. Edward Deci mwaka 1971 aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande, wengine akawalipa kwa kila fumbo. Malipo yalipokoma, waliokuwa wanalipwa waliyagusa mafumbo kidogo kuliko mwanzo wakati wa mapumziko. Mwokaji anayegonga mkate kwa kidole anaipenda kazi ile. Ukimlipa kwa kila mkate, ataanza kuhesabu.

#14 Ngosha wa Igoma

Mwalimu, hao wanafunzi wa mafumbo walikuwa wameshiba! Kijana wa Morogoro ana kodi ya chumba na mtoto anataka daftari. Mnaleta maneno ya kupenda kazi kwa mtu anayekesha mbele ya moto.

Ford yule wa magari, mwaka 1924, aliona watu wanamkimbia, akapandisha mshahara mara mbili, wakatulia. Kwisha habari. Hela ndiyo motisha, mengine ni porojo.

#15 Mwalimu Chaki

Ilikuwa Januari 1914 Ngosha, na lililobaki umesema kweli, ila nusu. Mwaka 1913 waliokuwa wakiacha kazi kiwandani kwake walifikia 370% ya idadi ya wafanyakazi, kwa sababu kazi ya kwenye mstari ilikuwa inachosha akili. Akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8. Lakini sehemu ya hizo dola 5 iliitwa mgawo wa faida, na ili uipate, watu wa idara yake walikuwa wanakuja nyumbani kwako kukagua unaishije, unakunywa pombe au hunywi. Pia saa zilipungua kutoka 9 hadi 8. Kwa hiyo ukiuliza kilichowatuliza ni hela, au saa, au woga wa kupoteza nafasi ambayo kila mtu mjini anaitaka, watu wanabishana mpaka leo.

Na Ford alikuwa na hela. Hapa kuna laki 3.

#16 Mama Lishe Msamvu

Turudi kwenye laki 3. Walisheni.

Watu 11, siku 26, ukitumia elfu moja kwa kichwa ni 286,000. Inaenea. Siku ya wali: mchele kilo 2, maharage kilo moja na nusu, vitunguu, nyanya, mafuta. Hapo unaweza kuzidi 11,000 kidogo. Siku ya ugali na dagaa unashuka, zinafidiana. Na nyinyi mna kitu ambacho mimi sina, tanuri. Mkishatoa mikate ya mwisho tanuri halipoi papo hapo. Weka humo sufuria la maharage lenye mfuniko mzito, yaliyolowekwa tangu mchana, yanaiva kwa joto ambalo lingepotea bure. Mkaa hununui.

Mtu anayekula kazini hatoki kwenda kutafuta chapati akarudi baada ya dakika 40.

#17 Bint Mwera

Mama Lishe, chakula cha mchana waokaji wanakikuta wapi? Wanatoka saa 12 asubuhi.

#18 Mama Lishe Msamvu

Umenikamata. Basi sufuria liingie kwenye joto la asubuhi, wa mchana wale mchana, na la usiku lipashwe saa 8 usiku. Saa hizo ndizo tumbo linauma zaidi, muulize yeyote anayekesha.

#19 Mzee wa Hesabu

Kikodi hili la Mama Lishe ndilo safi kuliko yote yaliyotajwa. Sheria ya Kodi ya Mapato inaacha nje huduma ya chakula kazini ikiwa inapatikana kwa wote bila ubaguzi. Matibabu nayo yakitolewa kwa wote bila ubaguzi ni hivyohivyo. Elfu 27 ya Ngosha inajumlishwa kwenye mshahara, sahani haijumlishwi. Angalizo: ukiwalisha waokaji tu ukawaacha wafungashaji, umetoka nje ya hilo.

#20 Mvuvi wa Kisauni

Hamjambo nyote. Niko Mombasa, nina duka la vipuri, vijana wanne. Huku kwetu chakula anachotoa mwajiri kina kiwango: tangu mwisho wa 2024 ni shilingi 60,000 za Kenya kwa mwaka kwa kila mfanyakazi bila kodi, zamani ilikuwa 48,000. Nawaletea mahamri na mbaazi asubuhi, sikumbuki mara ya mwisho kijana kufika akiwa amechelewa. Wanajua zikipoa zimekwisha utamu.

Nimeona mmetaja likizo siku 28. Mna bahati, sisi sheria ni siku 21.

#21 Wakili wa Kijiweni

Karibu ndugu yangu wa Kisauni. Angalia vizuri lakini: 21 zenu ni siku za kazi, 28 zetu ni mfululizo, Jumapili na sikukuu zimo. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, 28 zetu ni siku 24 za kazi, hapo tunawazidi. Kwa wa siku 5 ni 20, hapo mnatuzidi moja.

#22 Shangazi Tumaini

Mimi nina saluni, mafundi wangu nawalipa kwa asilimia, hivyo bonasi hainihusu. Ila nimejifunza kitu kuhusu wanaoondoka. Ukimchunguza anayechelewa, anayetoka nje kupokea simu, anayeomba "advansi" tarehe 10, mara nyingi yuko kwenye kausha damu. Amekopa laki moja, anarudisha kila siku, jioni akifika nyumbani wanamsubiri mlangoni. Mtu huyo hata umpe cheti cha dhahabu akili haipo.

Ningekuwa wewe, laki 3 isigawanywe. Iwe mfuko wa kukopeshana bila riba. Mwezi wa kwanza anapata mmoja au wawili, marejesho yanaingia, laki 3 nyingine inaongezwa. Baada ya miezi sita imeingia milioni 1.8 na inazunguka. Januari ya ada mtu hakimbilii kausha damu. Na huyo elfu 40 ya jirani haimvuti kirahisi, kwa sababu huko hakuna mtu wa kumkopesha siku mtoto akilazwa.

#23 Konda Mstaafu

Shangazi umenigusa. Hilo limezidi hata hesabu yangu.

#24 Wakili wa Kijiweni

Ni wazo zuri, lakini mimi naliogopa likikaa mikononi mwa bosi. Deni linaweza kuwa kamba. Nimeona mfanyakazi anataka kuondoka anaambiwa lipa kwanza yote leo, akashindwa, akabaki kwa hasira mwaka mzima. Mfuko huo uwe wa wafanyakazi, wachague mweka hazina wao, kama wanavyofanya kwenye VICOBA. Makato ya kurejesha yaandikwe na mtu asaini. Na iandikwe mapema nini kinatokea mtu akiacha kazi.

#25 Shangazi Tumaini

Wakipewa wenyewe bila bosi, mweka hazina akitoroka je? Hayo nayo tumeyaona kwenye vijumbe. Bosi akishika daftari hela haipotei.

#26 Wakili wa Kijiweni

Sahihi tatu kwenye akaunti. Keshia, mwokaji, msambazaji.

#27 Ngosha wa Igoma

Mmemsikia Mvuvi, mmemsikia Shangazi, na mimi naleta mfano wa nyumbani. Mwaka 2023 Rais Samia alitangaza milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF, Goli la Mama. Hatua za mbele dau likapanda. Mnakumbuka uwanja ulivyokuwa? Na hela hazikusemwa ni za mfungaji, zilikwenda kwa timu. Ndiyo maana nasema gawa sawa.

#28 Konda Mstaafu

Ngosha, huo mfano unanisaidia mimi! Goli likifungwa ndipo hela inatoka. Hawakupewa milioni 5 kwa kuvaa jezi. Tuzo ya pamoja, lakini kwa kitu kilichoonekana.

#29 Bint Mwera

Na Diarra hakufunga goli hata moja, ila bila yeye Yanga hawafiki fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka ule. Mkihesabu magoli tu, kipa anakula nini? Mama wa mashuka wa kule hotelini ndiye kipa.

#30 Ngosha wa Igoma

Fainali mlifika, kombe je?

#31 Bint Mwera

Tulifungwa 2-1 nyumbani, tukashinda 1-0 Algiers. Goli la ugenini ndilo lililotunyima. Nyinyi wa msimbazi mwaka huo mliishia robo fainali kama kawaida, nyamaza.

#32 Mwalimu Chaki

Jamani, mkate.

#33 Fundi Tanuri

Nimefuatilia uzi huu kimya. Mimi ni mwokaji, sio bosi wala msimamizi, nimefanya kazi bekari tofauti Dodoma na Dar. Niseme kwa nini sisi tunaondoka, maana mnatujadili kana kwamba hatupo.

Elfu 40 ni sababu tunayoitaja kwa kuwa ndiyo rahisi kutamka. Sababu ya kwanza ni joto. Mlango wa tanuri ukifunguka uso unakauka, na bekari nyingi dirisha limezibwa ili vumbi lisiingie. Glavu zikitoboka unaambiwa tumia gunia la unga likunjwe. Nina alama za moto mikono yote miwili. Feni moja ya kutoa hewa ukutani na glavu mpya zingenifanya nibaki mahali ambapo niliondoka.

Sababu ya pili, tarehe ya mshahara. Ukilipwa tarehe 30 mwezi huu, tarehe 7 mwezi ujao, tarehe 12 unaofuata, huwezi kumwahidi mwenye nyumba kitu. Kwa hili bosi hahitaji hata hiyo laki 3.

Ya tatu, hakuna pa kwenda. Nimeingia mwokaji, nitatoka mwokaji. Nikimfundisha mgeni mpaka akaiva, hakuna anayesema "wewe ndiye mwalimu wa zamu". Msimamizi, yule wa kugonga kwa kidole, mlimpa kazi ya kufundisha wenzake au mlimwacha aoke tu?

#34 Msimamizi wa Zamu

Fundi, asante sana kwa hili. Hakuwa na cheo chochote. Mishahara kwetu inatoka tarehe 28, hilo bosi halichezei. Dirisha letu limezibwa, umesema kama umeliona.

#35 Mzee wa Hesabu

Kwa hoja ya Fundi kuhusu pa kwenda: VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani. Anapimwa, anapewa cheti. Tenga sehemu ya mfuko mmpeleke mmoja mmoja. Kijana wa la saba mwenye cheti cha kuoka anatembea kifua mbele.

#36 Konda Mstaafu

Mzee, akishapata cheti si ndio anaondoka kesho yake? Umemlipia nauli ya kwenda kwa jirani.

#37 Fundi Tanuri

Anayetaka kuondoka anaondoka hata bila cheti, mmeshaona. Aliyelipiwa cheti anakumbuka nani alimlipia. Wengine wataondoka, sikatai.

#38 Mvuvi wa Kisauni

Wa kwangu mmoja nilimlipia kozi ya udereva akaenda zake. Lakini sasa ndiye ananiletea wateja wa vipuri. Sijui nihesabu ni hasara au ni faida.

#39 Msimamizi wa Zamu

Wadau, nakutana na bosi Jumamosi. Nitaanza na nyongeza ya usiku kama deni, nje ya laki 3. Faini nitamwomba aiache. Baada ya hapo nimebaki katikati ya chakula cha Mama Lishe na mfuko wa Shangazi, maana vyote viwili kwa pamoja haviwezekani. Fundi, feni na glavu nitaomba ziwe gharama za bekari, sio za motisha.

#40 Mwalimu Chaki

Umewauliza wenyewe? Kaa na waokaji saa 12 asubuhi kabla hawajatawanyika, na wasambazaji peke yao. Inawezekana zamu ya usiku wanataka chakula na ya mchana wanataka mkopo.

#41 Ngosha wa Igoma

Ukiwauliza watasema wapewe taslimu. Nipo hapa nasubiri matokeo.

#42 Konda Mstaafu

Na kama bosi atang'ang'ania lazima kuwe na kipimo, chukua cha Mama Lishe, mikate iliyoungua na iliyorudi.

#43 Fundi Tanuri

Konda, kikipimwa hicho, usiku wa umeme kukatika usihesabiwe. Umeme ukikatika mikate ikiwa nusu ndani ya tanuri la umeme, trei zote ni za kutupa na hakuna aliyekosea. Andikeni kwenye daftari la zamu saa ulipokatika na saa uliporudi, mwokaji na mlinzi wote wasaini. Na iliyorudi itenganishwe: iliyorudi kwa kuwa imeungua ni yetu, iliyorudi kwa kuwa imefika saa 3 asubuhi ni ya guta.